Akimwona sungura hanisikii: mbwa wa kuwinda atatii vipi bila kola ya umeme?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Niedersachsen, kaskazini mwa Ujerumani. Mwaka jana nilipata leseni ya uwindaji, na baba mkwe akanizawadia mbwa jike wa aina ya Deutsch Kurzhaar, mbwa wa kuwinda wa Kijerumani mwenye manyoya mafupi. Sasa ana miezi 14. Nyumbani ni malaika. Shambani akimwona sungura au paa, masikio yanaziba. Juzi alivuka barabara ya lami akimfukuza paa, akarudi baada ya dakika 40. Baba mkwe anasema nimfunge kola ya umeme, mambo yatanyooka kwa siku tatu. Sitaki kumtesa, na sitaki pia afe barabarani. Inawezekana mbwa wa namna hii akatii kwa uhakika bila kola hiyo?

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Inawezekana, na nimeliona hilo kwa mbwa wengi wa aina ya huyo wako. Ila siku tatu alizokuahidi mzee mimi sitakuahidi. Hesabu miezi sita ya kazi ya kila siku, kisha msimu mzima wa kuyapima hayo mafunzo huko shambani.

Nianze na sheria, maana inafupisha mazungumzo yako na baba mkwe. Ujerumani kola inayompiga mbwa shoti hairuhusiwi. Kifungu cha 3 namba 11 cha sheria ya kulinda wanyama kinakataza vifaa vya umeme vya aina hiyo, na tarehe 23 Februari 2006 mahakama ya juu ya masuala ya utawala, iliyoko Leipzig, iliamua kwamba katazo linakihusu kifaa chenyewe. Kikiwa na uwezo wa kumtia mnyama maumivu makubwa, hakitumiki, hata kama wewe umekiweka kwenye kiwango cha chini kabisa. Kola ya miiba nayo imeondolewa kwenye mafunzo tangu mwanzo wa 2022. Mzee wako alijifunza enzi nyingine, na mkwe habishiwi mezani. Mwambie kwa upole kwamba leseni umeisotea na hutaki iingie mashakani. Mwindaji yeyote atakuelewa hapo.

Lakini hata sheria isingekuwepo, ningekukataza. Mbwa akipigwa shoti hatafuti kosa lake alilolitenda. Anatazama kilichokuwa mbele yake wakati maumivu yanaingia. Kama alikuwa anamnusa kwale, basi kwale ndiye aliyemuuma. Nimewahi kuletewa mbwa wa kumwonyesha mwindaji ndege alipojificha, aliyekuwa akifikiwa na harufu ya kwale anageuza shingo na kupita mbali, kana kwamba pua imekufa. Pua ilikuwa nzima kabisa. Alikuwa amejifunza kwamba harufu ile inauma. Kumrudishia mbwa wa hivyo imani yake ni kazi kubwa kuliko kumfundisha kinda tangu mwanzo. Tena kuna wengine ambao shoti ikiwapata wamekwishashika kasi, wanazidisha mbio. Na wengi wanaijua siku ambayo kola haimo shingoni.

Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, kilichapisha utafiti 2020 juu ya mbwa 63 waliokuwa na tatizo kama la wako: hawarudi wakiitwa, na baadhi wanafukuza mifugo. Waligawanywa makundi matatu, moja likifundishwa kwa kola ya umeme na wataalamu wa kola hizo hizo, jingine na wataalamu walewale bila kola, la tatu kwa zawadi tu. Kola haikuleta faida yoyote ya ziada, na mbwa wa kundi la zawadi ndio waliotii zaidi kwa amri ya kwanza. Huo ujumbe unaweza kumpa baba mkwe pamoja na kahawa.

Sasa tuje kwenye mbwa wako.

Wewe ni mtoto wa pwani, kwa hiyo nitakukumbusha kitu ambacho huenda ulikisikia madrasa. Aya ya nne ya Surat al-Maida inaruhusu mawindo ya mnyama aliyefunzwa, na masheikh wetu wa madhehebu ya Shafii wakaeleza aliyefunzwa ni yupi: akitumwa huenda, akizuiwa huzuilika, akikamata hali, na mambo hayo yajirudie kwake mpaka yajulikane kuwa ndiyo tabia yake. Hukumu ya nyama muulize sheikh wako. Mimi nazungumzia mbwa. Na kwa mbwa sijaona maelezo mafupi yaliyo bora kuliko hayo. Wako akitumwa anaenda, hilo halina shaka. Kilichokosekana ni la pili, kuzuilika, na la nne, kujirudia. Yote nitakayokuandikia hapa chini yanahusu mambo hayo mawili.

Kwanza elewa kwa nini hakusikii. Mbwa huyu amezalishwa vizazi na vizazi ili anuse, anyemelee, akimbize. Kila kipande cha mfululizo huo kina utamu wake. Hahitaji kumkamata paa ili alipwe. Mbio zenyewe ndizo malipo. Zile dakika 40 zilikuwa sikukuu kwake, na kila sikukuu anayoipata bila ruhusa yako inakurudisha nyuma wiki kadhaa. Kwa hiyo leo hii, kabla ya zoezi lolote, funga mlango huo. Nunua kamba bapa ya mita 10 isiyolowa maji, uifunge kwenye mkanda wa kifuani. Usiifunge shingoni, kwa sababu mbwa wa kilo 25 akifika mwisho wa kamba kwa kasi anaweza kuumia shingo. Vaa glavu. Usijizungushie kamba mkononi hata siku moja. Niedersachsen mbwa wanatakiwa kufungwa kamba mashambani na misituni kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 15 Julai, wanyama wanapozaa na ndege wanapoatamia. Wenye mbwa wengi wanakilalamikia kipindi hicho. Wewe kichukue kama darasa la bure: miezi mitatu na nusu ambayo hakuna atakayekuuliza kwa nini mbwa wa kuwinda hajaachiwa.

Pili, filimbi. Wawindaji wa hapa hutumia filimbi yenye midomo miwili: upande mmoja unatoa mlio mnyoofu wa kumwita, upande wa pili unatoa mlio mrefu unaotetema, maana yake "lala hapo hapo ulipo". Huo wa kutetema ndio roho ya mambo yote. Kumwita mbwa aliye mbioni ni kumtaka afanye mawili kwa mpigo: amwache sungura, kisha ageuke akufuate wewe uliye upande wa pili. Kumsimamisha ni kumtaka afanye moja. Akishalala, macho bado anayo kwa sungura, lakini miguu imetulia, na hapo akili inarudi polepole. Ndipo unaweza kumwita au kumwendea.

Ufunze mlio huo mahali pasipo na kishawishi hata kimoja. Mimi naanzia jikoni. Shika bakuli la chakula, mbwa akiwa amesimama mbele yako. Piga filimbi kwa sauti ya chini, hesabu moja, kisha mwonyeshe kwa mkono alale. Tumbo likigusa sakafu, bakuli linashuka pale pale alipo. Asubuhi na jioni. Baada ya wiki mbili utaona anaanguka chini kabla mkono wako haujasogea. Usiseme neno lolote pamoja na filimbi. Maneno yetu yanabeba hasira na wasiwasi, na mbwa anavisoma vyote viwili; filimbi inatoa sauti ile ile, uwe umetulia au unatetemeka.

Kisha toka uani, na hapa kuna jambo ambalo wengi wanalikosea. Wanampigia mbwa filimbi, analala, wanamwita aje kuchukua kipande cha soseji mkononi. Wakifanya hivyo mara 20, mbwa anajifunza kwamba filimbi ni mwanzo wa safari ya kumrudia bwana wake, na badala ya kulala papo hapo anaanza kutambaa kuja kwako. Ukimhitaji siku moja ajizuie ukingoni mwa barabara, atatambaa hadi katikati ya lami. Malipo yamfuate pale alipolala. Uende wewe umpe kati ya miguu yake ya mbele, au urushe kipande nyuma yake, ajue kwamba hata akiwa mbali nawe kilicho chake hakipotei.

Hapo bado ni mbwa wa uani. Njia ya kutoka uani hadi kwa sungura ina ngazi nyingi, na aliyezaliwa na damu ya kusaka akirushwa ngazi tatu kwa mpigo ataanguka. Kuna vitu vitatu vinavyoongeza uzito: umbali kati yako na yeye, kishawishi kilicho mbele yake, na muda unaomtaka akae. Ongeza kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukimpeleka kwenye kondoo walio nyuma ya uzio, mrudishe karibu nawe, mita tatu. Ukitaka mita 50, nenda uwanja mtupu. Kipimo changu ni hiki: akilala mara tisa kati ya kumi kwa mlio wa kwanza, nasogeza ngazi. Chini ya hapo nabaki, hata ikichukua mwezi. Samaki wako si mbichi tena, ni kweli, lakini bado anakunjika; miezi 14 kwa mbwa ni ubarobaro, na barobaro anahitaji mtu asiyebadilisha kanuni kila siku.

Kwenye kishawishi, chombo ninachokipenda ni fimbo ndefu inayopinda, yenye kamba mwishoni na kipande cha ngozi ya sungura. Unaizungusha ngozi ardhini ikimbie kama mnyama. Watu wengi humwachia mbwa aifukuze tu mpaka achoke, na hapo wanazidi kumnoa kwa ajili ya kufukuza. Fanya kinyume. Mbwa alale kwanza, ngozi ikiwa imetulia. Isogeze kidogo. Akibaki amelala, mruhusu aifukuze hatua chache, kisha filimbi, na mkono wako uisimamishe ngozi sekunde ile ile. Akilala, anaruhusiwa tena. Hapo ndipo jambo kubwa linapomwingia: kulala chini kwa filimbi ndiyo njia ya kupata kuwinda. Soseji ina mwisho wake. Mbwa aliyesimama mbele ya mnyama hai hajali soseji, hata maini ya kuku hayajali, lakini anajali sana kuambiwa "haya, nenda". Mlipe kwa sarafu anayoitaka. Dakika tano zinatosha, siku mbili au tatu kwa wiki, na bila mikato mikali ya kona, maana viungo vyake bado havijakomaa.

Nikusogeze karibu zaidi, kwa sababu kuna sekunde moja ambayo kazi yote hii inaitegemea.

Uko kando ya shamba la viazisukari, alfajiri, majani yana umande. Mbwa anatangulia mita sita, kamba inaburuzika. Mdomo uko wazi, ulimi nje, mkia unapiga kushoto na kulia. Ghafla mdomo unafunga. Mkia unasimama, au unabaki unatikisika nchani tu. Masikio yanasogea mbele, ngozi ya paji inajikunja, mguu mmoja wa mbele unaning'inia hewani. Hajakimbia bado, na wewe hujaona chochote. Sungura yuko kwenye majani, amelala bapa. Sekunde hiyo mbwa bado ana nafasi kichwani ya kukusikia, na ndiyo sekunde ya filimbi. Sungura akishainuka na mbwa akafungua hatua tatu, damu imekwishapanda. Aliyefunzwa miaka miwili atasimama, wako wa leo hatasimama. Kwa hiyo jifunze kumsoma mbwa kuliko unavyoisoma simu yako. Matembezi ya wiki mbili za kwanza usifundishe kitu: mwangalie tu, na uandike ishara zake kwenye daftari. Kila mbwa ana zake. Niliwahi kuwa na mmoja ambaye ishara yake ilikuwa kuacha kuhema tu, basi.

Na kanuni ambayo naomba uibandike mlangoni: usipige filimbi usipoweza kuitetea. Kama yuko kwenye kamba na hakulala, unaweza kuikanyaga kamba, kumwendea bila hasira, kumrudisha hadi pale alipokuwa filimbi ilipolia, alale hapo, na uwindaji wa siku hiyo uishe. Hiyo ndiyo adhabu, na kwa mbwa huyu ni nzito kuliko kofi. Lakini kama kamba haipo na amekwishatoweka nyuma ya mlima, ukisimama ukipuliza mara 30 unamfundisha kwamba mlio ule ni kelele za msituni kama upepo. Nyamaza. Baki pale alipokuachia, kwa sababu mbwa wengi hurudi kwa kufuata nyayo zao wenyewe. Ukilazimika kuondoka, acha koti lako ardhini. Akirudi, mfunge kamba kimya kimya, nendeni nyumbani.

Kwa hili la mwisho nina deni. Mbwa wangu wa kwanza aliporudi baada ya saa nzima, nilimchapa kwa kamba. Nilikuwa nimeogopa, na hofu yangu ikatoka kama hasira. Mara iliyofuata alirudi haraka zaidi, lakini akakaa mita kumi kutoka kwangu na hakusogea. Kila nilipopiga hatua, alirudi nyuma hatua. Alikuwa amejifunza kwa usahihi kabisa kile nilichomfundisha: kurudi kunauma. Ilichukua majira ya baridi nzima kuzifuta zile mita kumi. Wazee walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, na mimi naongeza kwamba mbwa wa msasi mwenye hofu hupotelea msituni.

Wakati haya yakiendelea usimnyime kazi. Mbwa wa kusaka asiye na kazi atajitafutia mwenyewe, na utaijua kwa majirani. Kazi inayomfaa sasa ni kufuata damu ya mnyama aliyejeruhiwa, maana hiyo tangu asili inafanywa kwa kamba ndefu, pua chini, mwendo wa taratibu. Weka njia ya mita 200 kwenye majani kwa matone ya damu, iache saa mbili, mwishoni weka kipande cha ngozi. Utamwona anavyotulia. Pia mfundishe kuokota na kuleta, hasa kwenye maji, kwa bata. Ila mawindo ya kuswaga wanyama msitu mzima msimu huu usimpeleke. Pale kuna risasi, mbwa wengine, paa na nguruwe mwitu wanaokatiza kila upande. Ni mtihani wa mwisho, na yeye hajafika darasa hilo. Mitihani ya vyama vya mbwa wa kuwinda nayo isikuharakishe. Majimbo yanataka mbwa aliyethibitishwa kwenye mawindo ya aina hiyo, ndiyo, lakini hakuna anayekutaka umthibitishe mwaka huu.

Kuhusu vifaa, usichanganye kola ya shoti na kola ya kuonyesha mbwa yuko wapi kwa satelaiti. Hii ya pili haimgusi mbwa, na siku atakapoachiwa ningependa awe nayo. Wazo lenyewe ni la zamani. Wawindaji wa misitu ya Kongo huwafunga mbwa wao, hawa wanaoitwa Basenji leo, kengele ya mti shingoni, kwa sababu mbwa hao hawabweki kama wengine na msitu ni mzito. Mwenye mbwa humfuata kwa sikio. Kengele ndogo kwa huyo wako itakusaidia pia, hasa kwenye mahindi yaliyokua.

Neno dogo kwa wasomaji walio nyumbani watakaopita hapa: Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na Tanzania hauwindi bila kibali, kwa hiyo jibu hili lisichukuliwe kama ruhusa ya kwenda porini na mbwa. Lakini kama una mbwa anayefukuza mbuzi wa jirani au kila bodaboda inayopita, bakuli la jikoni, kamba ndefu na filimbi vinafanya kazi ile ile. Kama huna filimbi, piga mbinja, mradi iwe moja na isibadilike.

Mdogo wangu, ya kuachia kamba usiyaharakishe. Akilala kwa mlio wa kwanza mbele ya sungura anayekimbia, siku tofauti, mashamba tofauti, mara kumi, bado usimvue kamba. Iache iburuzike bila kuishika, kisha kila wiki ikate nusu mita. Watu huvua yote siku moja na mbwa anasikia wepesi mgongoni, anajua. Ikipungua polepole hatajua ni siku gani hasa aliachiwa. Ukifika kwenye kipande cha mita mbili, niandikie tena, na unieleze ishara ulizoziandika kwenye daftari. Tutapanga pamoja shamba la kwanza liwe lipi, liwe mbali na ile barabara.